Jina la mke kwenye hati ya kimila: mambo ya kuangalia ofisi ya kijiji

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu kisheria. Mara nyingi haki hiyo humponyoka mezani, siku inapojazwa fomu ya hati ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji.

Kamati ya uhakiki wa milki, inayothibitisha nani anamiliki shamba lipi na mipaka yake, iwe na wajumbe wasiopungua tisa, wanne kati yao wanawake. Baraza la ardhi la kijiji, linalosuluhisha migogoro ya ardhi, lina saba, watatu wanawake. Wajumbe hao wanawake wafike shambani. Wakiachwa ofisini kuwapikia chai wapimaji, mjane anayesukumwa na shemeji zake atakosa wa kumsemea pale kwenye mpaka.

Mkutano wa kutangaza zoezi la uhakiki usiangukie siku ya gulio wala asubuhi ya palizi. Alasiri inafaa zaidi, na tangazo lipite kitongoji kwa kitongoji.

Siku ya uhakiki, mume na mke wasimame mpakani pamoja na majirani. Mwulize mke kwanza: "Mama, shamba hili mlilipataje?" Akishatangulia mume kujibu, mke huitikia tu.

Fomu ndiyo yenye mitego. Karani huandika jina la mume kwenye mstari wa mmiliki, kisha humpa mke nafasi ya shahidi. Dole gumba lake lipo, picha ipo, lakini umiliki hana. Wengine huandika "na mkewe" bila jina, au "Mama Neema", jina ambalo halimo kwenye kitambulisho chochote. Andika majina yake kamili yanavyosomeka kwenye kitambulisho cha NIDA, kwenye mstari wa wamiliki. Mjane naye asiandikwe mwangalizi wa shamba la mwanawe ilhali fungu lake analo.

Waelezeni wanandoa aina za umiliki kabla hawajachagua. Katika umiliki wa pamoja, mmoja akifariki shamba linabaki kwa mwenzake. Katika umiliki wa mafungu, fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi. Penye wake wawili au watatu, njia yenye ugomvi mdogo ni kila mke kupata hati ya shamba analolima, badala ya kurundika majina yote kwenye hati moja.

Kabla ya saini, soma fomu kwa sauti mbele ya wote wawili, majina na mipaka. Kosa likionekana hapo, karatasi inabadilishwa papo hapo. Hati ikishapigwa mhuri wilayani, marekebisho huchukua muda mrefu.

Nakala ibaki kwenye masjala ya ardhi ya kijiji, na mke aonyeshwe jalada na namba ya hati, aiandike. Siku akiambiwa nyumbani kwamba hati imepotea, atajua pa kwenda kuuliza.