Nyumba za pamoja: anzeni na mtu atakayehama

Huko Sættedammen, Denmaki, mwaka 1972 familia zilihamia nyumba 27: kila moja na mlango wake, na nyumba moja ya wote ya kupikia na kukutana. Sisi tuliopanga mizigo ya Kampala, vile vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, tunaijua nusu ya habari hiyo. Vyumba vinane, mita moja ya Yaka (umeme wa kulipia kabla), na anayepiga pasi usiku ndiye adui wa ua mzima.

Majirani sita tulinunua kiwanja upande wa Mukono. Nyumba nne zimekwisha, mbili bado ziko kwenye lenta.

Kwanza, pikeni pamoja kabla ya kuchangishana. Tulifanya hivyo Jumapili moja kila mwezi, mwaka mzima. Kwenye sigiri ndipo utakapojua nani huja na mkaa na nani huja na mdomo tu.

Pili, hati. Mwenye kibanja, yaani anayekaa kwenye ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wa huku Buganda) ya mtu mwingine, analindwa na sheria, ila hati si yake. Tafuteni ardhi yenye hati, ikaguliwe ofisi ya ardhi, kisha mkamwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na wazee wa pale. Karatasi haikuambii nani analima mihogo nyuma ya ule mwembe. Sheria ya Uganda ya kondominiamu ya 2001 inamruhusu kila mmoja kuwa na hati ya makazi yake, geti na uwanja vikabaki vya wote.

Tatu, anayeondoka analipwaje? Hapa tuliteleza. Mwenzetu alipata kazi Juba, akadai pesa zake ndani ya mwezi. Ziliuzwa bodaboda mbili. Sasa tumeandika: notisi miezi sita, bei ya mthamini, wenzake wanunue kwanza.

Maji: kila nyumba na mita yake ndogo. Msibishane.

Maswali tuliyoulizwa

*Mzee, jiko la pamoja si litaleta ugomvi?*
Kila nyumba ina jiko lake. Lile la wote ni la Jumapili na la misiba. Tulipofiwa mwezi wa tatu, maharage yalikuwa motoni kabla turubai halijafika.

*Kaka, niko Arua. Mume wangu akifa, ndugu zake hawatanitoa?*
Dada, majina yenu yote mawili yaingie kwenye hati, na mwone wakili kabla hamjalipa. Kwetu nyumba tano zimefanya hivyo. Ya sita ni yangu, na mke wangu ameshaanza kuuliza.