Somo: Kuendesha kipindi cha zilipendwa redioni bila kuukata wimbo kwenye chemko

Wapenzi wa zilipendwa, salaam. Tangu nianze kipindi changu kwenye redio moja ya jamii hapa Morogoro, haipiti wiki bila mtu kuniuliza aanzeje. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, basi leo naandika mara moja. Ninachokijua ni muziki wa dansi wa Tanzania na wa jirani zetu wa Nairobi. Mwenye taarabu atuandikie somo lake.

HATUA YA 1: Piga hesabu ya dakika

Mimi niko hewani Jumamosi, saa tatu usiku hadi saa tano. Usidhani hapo una dakika 120. Habari za kila saa zinakula dakika tano tano, matangazo kama 16, simu na salamu na maneno yako mwenyewe 24. Zinabaki 70. Wimbo wa dansi ukiachwa uishe ni dakika sita, saba, hata nane. Maana yake una nyimbo kumi. Mtangazaji mgeni anakuja na orodha ya nyimbo thelathini, halafu anazikata vipande vipande kama muwa wa stendi.

Hapa ndipo ugomvi wangu na watangazaji wengi ulipo. Wimbo wa dansi unaanza taratibu, mtunzi anasimulia kisa chake, waitikiaji wanampokea. Kisha magitaa yanabadilika, tarumbeta na saksafoni zinaingia, tumba zinakaza, waimbaji wanaanza kuitana majina. Hilo ndilo chemko. Aliyelipa kiingilio ukumbini alikuwa analingoja hilo. Sasa wewe unaukata wimbo dakika ya tatu ili uweke tangazo la sabuni! Ni sawa na kumkaribisha mgeni pilau, akishanawa mikono ukaondoa sinia.

Nyimbo kumi zilizoisha ni bora kuliko ishirini zilizokatwa. Mengine yote kwenye somo hili mnaweza kubishana nami, hilo hapana.

HATUA YA 2: Kusanya nyimbo, na usiliamini jina la faili

Zamani shida ilikuwa kupata wimbo. Siku hizi nyimbo zimejaa kwenye fleshi na intaneti, ila majina yake yamevurugwa. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilisoma jina la faili hewani kama lilivyo, nikasema huu ni wimbo wa Msondo Ngoma wa mwaka 1970. Simu ikaita kabla wimbo haujaisha. Mzee mmoja, kwa upole kabisa: "Mwanangu, mwaka huo hiyo bendi ilikuwa inaitwa NUTA."

Na kweli. Bendi ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika ikawa JUWATA Jazz, baadaye OTTU Jazz, na mwisho ndiyo Msondo Ngoma. Bendi ni ileile, lakini ukitaja jina lisilo la wakati wake wazee wanajua hukuwepo na wala hukuuliza.

Kwa hiyo jiwekee daftari la tarehe chache za kukulinda. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965, na bendi ikaendelea na Juma Kilaza. Ukiona faili limeandikwa "Salum Abdallah 1972", lina uongo. Mpiga gitaa na mwimbaji Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari Kenya, Januari 1979. Basi hakuna wimbo aliourekodi 1980, hata faili liseme nini.

Kuna na hili la pande mbili. Bendi zetu nyingi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye mikanda, lakini sahani za kuuza zilichapwa Kenya. Ile sahani ndogo ya mizunguko 45 haibebi wimbo mrefu upande mmoja, kwa hiyo wimbo uligawanywa: upande wa kwanza na wa pili. Waliozihamishia kwenye kompyuta wengi walirekodi upande mmoja wakaridhika. Ukisikia wimbo unafifia pale chemko linapotaka kuanza, ujue una nusu. Tafuta nusu ya pili, ziunganishe kwenye programu ya kuhariri sauti, kata pale mdundo wa besi unapoanza upya, sikio la msikilizaji halitashtuka.

Mwisho, sikiliza kasi. Nyimbo zilizotoka kwenye kanda zimepitia redio zenye betri dhaifu. Kama kanda ilirekodiwa kwenye mashine iliyokuwa inavuta miguu, ukiipiga kwenye mashine nzima mwimbaji Marijani Rajab anageuka sauti ya mtoto. Linganisha na nakala nyingine, au muite mpiga gitaa wa mtaani akuambie kama nyuzi zinakubaliana na gitaa lake. Sauti ikitoka sikio moja tu, ihamishie pande zote mbili kabla ya kwenda hewani.

HATUA YA 3: Panga kwa kisa

Orodha isiyo na kisa inachosha. Chukua mwaka 1978 peke yake: Dar es Salaam inazaliwa Mlimani Park, Nairobi wanamuziki wanatoka Simba Wanyika na kuunda Les Wanyika, na Remmy Ongala anaingia Dar kutoka Congo kujiunga na Orchestra Makassy. Hapo una kipindi kizima, na ukifungia na Mbaraka, aliyefariki Januari iliyofuata, simu hazitakata.

Au mfuate mtu mmoja. Mwimbaji Muhiddin Gurumo anakupeleka NUTA, JUWATA, Mlimani Park, kisha 1985 Orchestra Safari Sound na mtindo wa Ndekule, halafu anarudi nyumbani Msondo. Msikilizaji anasikia sauti ileile ikibadilisha nguo.

Msondo na Sikinde, yaani Mlimani Park, uwakutanishe mara moja kwa miezi mitatu, si kila wiki. Ni Simba na Yanga ile, ikizoeleka inapoa.

HATUA YA 4: Maneno

Taja bendi, mtunzi au mwimbaji, na mwaka kama una uhakika nao. Basi. Usiongee juu ya gitaa la solo la mwanzo, maana mzee anaujua wimbo kwa gitaa hilo kabla mtu hajafungua mdomo. Utamwona anaacha kijiko.

HATUA YA 5: Salamu

Hizi tumezirithi kwenye kadi za salamu, huwezi kuzikwepa. Mimi nasoma majina matano kwa mkupuo, mara mbili kwa saa, kati ya nyimbo. Ukifungua mlango wazi, ukoo mzima wa Kilosa utasomwa na hutapiga wimbo hata mmoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mwanza: Shikamoo mwalimu. Nimezaliwa 1999. Wazee watanikubali?

Marahaba mwanangu. Watakukubali ukiuliza. Fungua simu useme, "Babu zangu, huu wimbo mliucheza ukumbi gani?" Usijifanye ulikuwepo, hilo ndilo hawasamehe.

Mwanachama wa Tanga: Kaka, nyimbo zenyewe za zamani, kuna haja ya kulipia hakimiliki?

Ipo. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mbaraka amefariki 1979, jumlisha mwenyewe. Malipo ni kazi ya kituo. Yako ni kuandika kila wimbo uliopigwa, pamoja na mtunzi wake. Usipomwandika, hata pesa ikitolewa haitajua imfuate nani.

Dada wa Dodoma: Nikimtaja mwanamuziki, niseme "marehemu" au niache?

Dada yangu, usipokuwa na uhakika acha. Niliwahi kumwombea mtu pumziko jema hewani, na yeye yuko kwake anakula chakula cha usiku na redio imewashwa. Alinisamehe. Mkewe bado.

Mwanachama wa Mombasa: Fundi mitambo wetu ni kijana, anaingiza jingo, kile kipande cha kutangaza kituo, katikati ya wimbo kila mara. Nifanyeje?

Mpe karatasi yenye dakika ya chemko kwa kila wimbo, uandike kwa wino mwekundu. Halafu siku moja mwite kwenye dansi la moja kwa moja akaone watu wanavyoinuka. Wangu nilimpeleka, sasa ananigombeza mimi nikiongea sana.

Mwanachama wa Kigoma: Babu ameniachia sahani, zina vumbi na mafuta. Nizisafishe kwa spiriti?

Angalia kwanza. Zile nzito zinazovunjika kama kigae, za mizunguko 78, spiriti itaziyeyusha, usithubutu. Tumia maji safi na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ufuate mistari kwa mzunguko, usisugue kukatiza. Futa upesi, ukaushe kivulini zikiwa zimesimama. Na karatasi ya katikati isilowe, kwa sababu ndiyo yenye jina la bendi, na umeshaona tunavyohangaika na majina.