SOMO: Moyo ukianza kudunda na upinde uko mkononi

Wiki hii pekee nimeulizwa mara tatu: "Mwalimu, mbona mazoezini napiga vizuri, siku yenyewe mikono inatetemeka?" Naandika mara moja kwa urefu. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwanza tuelewane. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza chochote. Hapa Nairobi tunalenga shabaha tu. Ninayosema kuhusu kulungu niliyapata Wisconsin, Marekani, nilikowinda kwa upinde misimu sita, leseni mfukoni. Nawaandikia mnaokwenda huko kwa jamaa zenu, na pia ninyi mnaoshindana hapa nyumbani, maana moyo unadunda vilevile mbele ya kulungu na mbele ya fainali.

1. Andaa vifaa jana yake. Usijaribu kitu kipya siku ya kwenda.

2. Kula kidogo. Punguza kahawa.

3. Kama unapanda dungu mtini, jifunge mkanda wa usalama kabla mguu haujaacha ardhi. Hili halina mjadala. Kuanguka kutoka mtini kunaumiza wawindaji wengi kuliko mishale.

4. Weka mpaka wako mapema. Ukishakaa, pima umbali wa miti mitatu au minne iliyokuzunguka na uamue: ng'ambo ya mti ule, sipigi. Mpaka wangu ulikuwa yadi 25. Amua moyo ukiwa umetulia.

5. Pumzi. Ukimwona mnyama anakuja, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu hadi nane. Mara tatu. Kutoa hewa polepole ndiko kunakopunguza mapigo, kwa hiyo usifanye haraka hapo. Kiherehere hakitaisha na usingoje kiishe. Unakipunguza tu ili mikono ifanye kazi.

6. Usitazame pembe.

Hapa ndipo nilipoharibu. Ilikuwa Novemba, msimu wangu wa pili, majira ambayo madume yanafuata majike na kusahau hadhari. Dume likatokea asubuhi, mvuke ukilitoka puani, na umande ulioganda kwenye majani ukivunjika chini ya kwato, krap, krap. Likasimama yadi 18, ubavu wote wazi. Nami nikaanza kuhesabu ncha za pembe: nane, tisa, kumi. Kila nilipohesabu, nukta ya kulengea ilicheza zaidi. Ilipopita tu karibu na bega, kidole kikafyatua chenyewe. Mshale ukaingia nyuma mno, tumboni.

Kisha nikakosea mara ya pili. Nilishuka baada ya dakika kumi. Mshale niliuokota una majimaji ya kijani, unanuka kama matumbo kabla hayajaoshwa. Hiyo ni ishara ya kurudi nyuma kimya kimya na kungoja saa nyingi, nane hadi kumi na mbili, kwa sababu kulungu aliyepigwa tumboni hulala karibu asipofukuzwa. Mimi nilifuata damu. Nilimkurupusha hatua kama arobaini mbele, akavuka kijito, na sikumwona tena. Nilitafuta siku mbili.

Kwa hiyo, tafadhali: ukishajua ni mnyama unayeruhusiwa, pembe zisahau. Chagua unywele mmoja nyuma kidogo ya bega na uutazame huo tu. Sehemu ya moyo na mapafu ina upana wa sentimita 20 hadi 25, lakini ukilenga "mnyama" mzima utapata popote. Na usipige akikuelekea kifua. Ngoja akae ubavu, au ageuke kidogo kutoka kwako.

7. Jipe maneno, yaleyale kila siku. Yangu ni: "Mguu. Mkono. Kidevu. Unywele. Vuta." Mguu umekaa, mkono wa upinde umelegea, kamba imegusa kidevu palepale pa kila siku, jicho limeshika unywele, mgongo unavuta hadi mshale uende. Yatamke kimoyomoyo hata kwenye mshale wa elfu moja wa mazoezi. Siku akili itakapopotea, maneno yatabaki.

8. Jifunze kushusha upinde. Nukta isipotulia, au mnyama akigeuka, shusha. Wengi hawajawahi kufanya mazoezi ya kushusha, kwa hiyo wakishavuta wanaona lazima wapige. Angalizo: upinde wenye magurudumu (ule wa kisasa, kamba yake hupita kwenye magurudumu madogo nchani) utakunyakua mkono kwa nguvu kamba ikirudi. Toa kidole kwenye kifyatuo, mshale uendelee kuelekea shabaha, kisha irudishe kamba polepole. Katika mishale kumi ya mazoezi, miwili mimi huishusha.

9. Ukishapiga, kaa. Nusu saa hata kama unaamini umepiga moyo. Kumbuka mti aliokuwa karibu nao na upande aliokimbilia.

Mazoezi ya hapa: kimbia mita 200, shika upinde moyo ukipiga kifuani, piga mshale mmoja. Mmoja tu, kisha kaa. Wageni kutoka Mombasa, msishangae mkihema zaidi yetu. Nairobi iko juu ya mita 1,600.

MASWALI

Kijana wa Rongai: Mwalimu ni ndefu sana. Niambie tu dawa ya kutuliza mikono.

Jibu: Hakuna. Na dawa aina ya beta-bloka, zile za kupunguza mapigo ya moyo, zimekatazwa katika mchezo wa upinde, mashindanoni na nje ya mashindano. Soma hatua ya 5.

Kijana wa Rongai: Basi niende nijaribu na dikidiki huko Kajiado nizoee?

Jibu: Hapana. Ni kosa la jinai. Ukirudia swali hilo sitakufundisha.

Dada wa Kitengela: Shikamoo Mwalimu. Mimi nashindana mita 18. Sitetemeki, lakini nukta ikifika tu kwenye manjano ya katikati ya shabaha kidole kinafyatua kabla sijaamua. Ni kitu kimoja?

Jibu: Marahaba dada. Swali zuri sana. Ni ndugu wawili, si mmoja. Kiherehere huja na tukio na huondoka nalo. Hicho chako kimekaa kwenye kidole, kiko nawe hata ukipiga peke yako. Ondoa shabaha kabisa. Simama hatua tatu kutoka kwenye robota (lile furushi la nyasi la kupokea mishale), funga macho, vuta, na usikilize mgongo tu. Wiki tatu bila karatasi ya pointi. Kisha rudisha duara kubwa, ukiwa karibu, na rudi nyuma kidogo kidogo. Usione aibu, huwapata hata wazoefu. Ukumbuke pia Shehzana Anwar, aliyebeba bendera yetu Rio 2016: huko wanapiga mita 70, na duara la kumi lina upana wa sentimita 12.2. Subira ya robota ndiyo inayofikisha mtu huko.

Mkaazi wa Kasarani: Yadi 25 ni woga. Upinde wangu unafika 60.

Jibu: Mshale unafika, sikatai. Fanya hesabu. Mshale wako unakwenda kama mita 85 kwa sekunde. Yadi 40 ni mita 36 na nusu, unachukua sekunde 0.43. Sauti ya kamba inamfikia kulungu kwa sekunde 0.1. Amebaki na theluthi ya sekunde, na akishtuka huchuchumaa kwanza ili aruke. Mshale unapita juu ya mgongo, au mbaya zaidi, unampiga pasipofaa.

Mkaazi wa Kasarani: Na wewe uliyemjeruhi mnyama ukampoteza ndiye wa kutufundisha?

Jibu: Ndiyo. Nimeieleza yote ili asiwepo mwingine. Kama una njia bora, iandike hapa, nitaisoma.

Dada wa Kitengela: Na kwa nini watu hutetemeka zaidi baada ya kupiga?

Jibu: Adrenalini imeandaa misuli kukimbia, nawe umekaa kama jiwe. Ukimaliza, bado imo kwenye damu kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana usishuke mtini haraka, magoti hayaaminiki.

Kaka wa Umoja: Naenda Wisconsin kwa shemeji Septemba. Nahitaji nini?

Jibu: Kozi ya usalama wa uwindaji kwanza. Huko ni lazima kwa aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1973. Kisha leseni ya upinde ya mgeni.

Mzee wa South B: Kijana, marehemu babu yangu kule Mwingi alipaka ugwe nta ya nyuki kila jioni. Alisema mkono ukizoea kazi ndogo kama hiyo, hautetemeki kwenye kubwa. Nyinyi mnapaka nini?

Jibu: Shikamoo mzee. Tunapaka nta ya dukani, na vumbi la Januari linaimaliza haraka. Alikuwa anaichanganya na kitu?

Mzee wa South B: Marahaba. Nta tupu. Unaisugua kwa kidole gumba hadi kamba ipate joto, iingie ndani. Ikibaki juu inashika vumbi.

Jibu: Asante sana mzee. Ukipata kipande, njoo nacho Jumamosi, tujaribu kwenye upinde wa mbao.