Somo: Bakteria rafiki kwa mpunga wa kunukia katika majaruba yenye chumvi

Wakulima wenzangu wa bonde la Lukuledi, na ninyi wa mabonde mengine ya Lindi yanayopakana na mikoko, kabla ya hatua yoyote naomba jambo moja lieleweke vizuri: bakteria hawaondoi chumvi shambani. Chumvi huondolewa na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanayopenya ardhini na kutoka nje ya jaruba. Kazi ya bakteria ni kuusaidia mche kustahimili chumvi inayobaki. Mche uliobanwa na chumvi hutengeneza kwa wingi homoni ya ethilini, ambayo hudumaza mizizi. Baadhi ya bakteria wa jamii za Bacillus na Pseudomonas wana kimeng'enya kinachovunja kiambata cha kutengenezea homoni hiyo. Wapo wanaotoa utelezi unaonasa sodiamu kabla haijaingia yote mzizini, na wapo, kama Azospirillum, wanaochochea mizizi kurefuka na kuchanua.

Hatua ya kwanza ni kupima. Mpunga huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo inapozidi desisimensi 3 kwa mita (kipimo cha maabara cha chumvi), na kila kipimo 1 kinachoongezeka hupunguza takriban asilimia 12, kwa hiyo udongo wenye kipimo cha 7 huweza kula karibu nusu ya mavuno. Mwombe afisa ugani akusaidie kupeleka sampuli maabara, na majibu yakitoka uliza kama tatizo ni chumvi au ni magadi. Udongo wa magadi hushikamana na kukataa kupitisha maji, nao huhitaji jasi kwanza, ile inayochimbwa kwetu Makangaga, Kilwa, ndipo uoshwe.

Hatua ya pili ni kuosha, na hapa ndipo ninapowasihi mtumie nguvu zenu nyingi. Imarisheni tuta la upande wa bahari kabla ya bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida. Mvua zikishakolea, jazeni jaruba, acheni maji yalale siku kadhaa yakiyeyusha chumvi, kisha fungueni mlango maji ya bahari yanapokupwa na kuufunga kabla hayajaanza kujaa. Rudieni mara mbili au tatu. Anayeruka hatua hii akanunua pakiti za bakteria ametupa fedha yake.

Hatua ya tatu ni mbegu na pakiti. Harufu ya mchele imo katika asili ya mbegu, kwa hiyo chagueni mbegu safi ya Supa au nyingine ya kunukia mnayoiamini. Pakiti iwe ya bidhaa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, isiwe imepitwa na muda, na ikae kivulini mahali penye ubaridi. Msimu mmoja niliziacha zangu katika stoo ya bati kwa wiki mbili. Mpunga uliopakwa na usiopakwa ukawa sawasawa, kwa sababu nilikuwa nimepaka bakteria waliokwisha kufa.

Hatua ya nne: loweka mbegu saa 24, atamia hadi ianze kuchipua, kisha ichanganye kivulini na bakteria pamoja na maji ya sukari kidogo ili washike. Pakiti nyingi za unga huelekeza gramu 200 kwa kilo 10 za mbegu, lakini maelekezo ya pakiti yako ndiyo ya kufuata. Sia siku hiyohiyo, katika kitalu kinachopata maji baridi.

Hatua ya tano: pandikiza miche ya siku 25 hadi 30, kwa kuwa mche mchanga sana huchomwa na chumvi upesi. Kabla ya kupandikiza, chovya mizizi kwa nusu saa katika maji yaliyokorogewa bakteria, na fanya kazi hiyo jioni. Acha jaruba moja bila bakteria, lenye udongo na matunzo yaleyale, ili mizani ikuamulie wakati wa mavuno.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Naweza kuwazalisha bakteria nyumbani kwa ndoo ya maji na sukari guru?

Marahaba, mwanangu. Sikushauri. Ndani ya ndoo hiyo watazaliana pia usiowajua, wakiwemo wanaoozesha mpunga na wanaodhuru binadamu.

Mbegu yangu imeshapakwa dawa. Nifanyeje?

Dada yangu, usiipake bakteria. Subiri uchovye mizizi wakati wa kupandikiza, na usichanganye bakteria na dawa yoyote yenye shaba.

Je, chumvi itaharibu harufu ya mchele wangu?

Kaka, chumvi kidogo huweza hata kuiongeza, kwa sababu mpunga uliobanwa hulimbikiza prolini, na kiambata hicho ni mojawapo ya malighafi za harufu. Hata hivyo usiitafute harufu kwa chumvi, maana utavuna kidogo. Kinachoipoteza zaidi ni kuchelewa kuvuna, kuanika juu ya sakafu inayowaka jua, na kuweka mchele uliokobolewa muda mrefu. Kausha taratibu, hifadhi mpunga na maganda yake, ukoboe unachouza.

Nipunguze mbolea ya yurea?

Msimu wa kwanza usipunguze. Baada ya kulinganisha majaruba ndipo ujaribu kupunguza kidogo katika sehemu moja.

Mwalimu, bamvua ilivunja tuta siku tatu baada ya kupandikiza. Nipake bakteria tena?

Pole sana, mama. Yatoe maji hayo kwanza yanapokupwa, ingiza maji baridi, yatoe tena, halafu subiri wiki moja. Miche iliyokufa izibie pengo kwa miche ya akiba kutoka kitaluni, na ni hiyo ya akiba tu utakayoichovya.