Jinsi ya kumsaidia nyuki bambi wa porini (mzinga uache kwanza)

Watu wakisikia nyuki wanapungua wengi wanakimbilia kununua mzinga. Sasa hapo ndo shida inapoanzia, maana nyuki wa asali ni mfugo, ana mtu wa kumhudumia, ila nyuki bambi, yule mnene mwenye manyoya anayeruka kwa mngurumo mzito, hana mwenyewe, na ukimshushia maelfu ya nyuki wa asali pale pale anapotafuta riziki unamuongezea wa kugombania nao chakula na pengine magonjwa juu, kwa sababu virusi vya kulemaza mabawa vinapita kwenye maua wanayotumia wote. Unataka asali? Fuga, hakuna neno. Unataka kuokoa nyuki wa porini? Basi tuendelee.

Kwanza ijue ratiba yake. Zipo spishi zaidi ya 250, wengi wako sehemu za baridi na milimani huko Ulaya, Asia na Amerika (Afrika kusini mwa Sahara hawapo kiasili, lile dude jeusi linalotoboa mbao ni nyuki seremala, ndugu yake tu). Koloni, yaani familia nzima ya kiota kimoja, linaishi msimu mmoja. Malkia analala ardhini peke yake baridi yote, ikikatika anatoka na njaa, anatafuta shimo, mara nyingi la panya aliyehama, au chini ya nyasi ndefu zilizojikunja, anatengeneza kikombe kidogo cha nta anakijaza nekta, anataga, halafu anayalalia mayai kama kuku, tumbo chini, joto analitoa kwa kutetemesha misuli ya kifua. Nguvu yote hiyo inatoka kwenye maua na wakati huo hana hata kibarua mmoja wa kumletea. Akikosa maua ya karibu wiki hizo basi koloni limekufa kabla halijaanza na hakuna mtu atakayejua. Akifanikiwa, vibarua wanafika makumi mpaka mia kadhaa, kuelekea mwisho wa msimu wanazaliwa madume na malkia wapya, kisha wote wanakufa isipokuwa hao malkia wapya waliokwisha kupandwa. Akiba yao ya chakula ni ya siku chache tu.

Kwa hiyo kazi kubwa ni maua yasiyokatika, tangu mwanzo wa msimu mpaka mwisho. Watu wengi wanapanda vitu vinavyochanua wakati mmoja, bustani inapendeza mwezi mzima halafu njaa. Mwanzoni kabisa mierebi na krokasi zinamuokoa malkia, katikati weka lavenda, komfri na klova nyekundu, na usisahau za mwisho wa msimu maana malkia wapya wanatakiwa wanenepe kabla ya kulala. Angalia pia urefu wa ua: wapo bambi wenye ulimi mrefu wanaotegemea maua yenye koo refu, hasa jamii ya kunde, na hao ndo wengi wao wako taabani, malisho ya klova yakilimwa wamekwisha. Yale maua ya mapambo yenye petali tele tele mimi siyapandi, mengi nekta hamna au haifikiki.

Ukipanda nyanya au bilinganya kaa uangalie. Bambi analing'ata ua kwa mataya, anajikunja chini yake, mabawa yametulia kabisa, mara sauti inabadilika inakuwa nyembamba na kali, chavua inamwagika tumboni. Nyuki wa asali hiyo kazi haiwezi.

Makazi ni rahisi, acha kona moja usifyeke, na rundo la majani makavu usilichokoechokoe kipindi cha baridi. Visanduku vya kununua vya kuwekea kiota cha bambi mara nyingi vinabaki vitupu, hela hiyo nunua mbegu.

Dawa za wadudu: usipige kitu chochote kwenye mmea uliochanua. Neonikotinoidi ndo mbaya zaidi kwa sababu zinasafiri ndani ya mmea mpaka kwenye nekta na chavua, ndo maana mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu kati yake kutumika nje ya vibanda vilivyofungwa vya kuoteshea mimea (greenhouse). Kwenye kitalu uliza mche umetibiwa na nini, wakikwepa kujibu achana nao.

Na koloni za bambi za dukani, zile za kuchavusha nyanya ndani ya vibanda, usiziachie nje. Chile waliingiza bambi wa Ulaya miaka ya 1990, akavuka mpaka akaingia Argentina, na Bombus dahlbomii, mmoja wa bambi wakubwa kuliko wote duniani, akaporomoka kila mgeni alikofika.

Ukimkuta bambi katulia chini usikurupuke. Asubuhi ya baridi anaweza kuwa anapasha misuli tu. Akiinua mguu wa kati ujue anakuambia sogea huko. Kama kweli kachoka mpandishe kwenye ua, ikishindikana sukari nyeupe na maji sawa kwa sawa, tone mbili tatu mbele ya mdomo, basi. Asali usimpe kamwe, inaweza kubeba vimelea.

Mwisho, piga picha. Bambi mmoja wa Marekani, Bombus franklini, alionekana mara ya mwisho 2006 kule Oregon, na tunajua hivyo kwa sababu mtaalamu wa nyuki Robbin Thorp alikuwa anarudi milimani kumtafuta mwaka baada ya mwaka. Picha tatu zinatosha, mgongo, mkia na uso, kwa sababu spishi nyingi zinatofautishwa na mistari ya rangi mgongoni na mkiani, ukiweka iNaturalist (mtandao wa kurekodi viumbe unaowaona) andika tarehe na mahali, na hata wale wa kawaida kabisa unaowaona kila siku waweke.