Jinsi ya kuomba diskaji (ruhusa ya kuacha jeshi) UPDF, jeshi la Uganda, bila kuitwa mtoro

Wadogo zangu wa jeshi, ka umechoka na unataka kurudi nyumbani, usifunge tu begi usiku ukapanda teksi ya Kampala. Huo ni utoro, na mtoro anaweza kushikwa akapelekwa koti ya jeshi hata ka amekaa kijijini analima muhogo wake poa.

Anza na barua. Weka namba yako ya jeshi, cheo, majina yote, uniti, tarehe uliyoingia na sababu, ukurasa mmoja unatosha. Unampa OC wako (mkuu wa kampuni), yeye anaipeleka kwa CO (mkuu wa batalioni) na inapanda hivyo hivyo hadi makao makuu, kila afande anaweka maoni yake, ndo maana usijaze matusi juu ya OC hata ka ni kweli. Ka sababu ni ugonjwa ambatanisha makaratasi ya hospitali lakini ujue madaktari wa jeshi watakupima wenyewe, karatasi ya kliniki ya mtaani peke yake haitakutoa.

Sasa hapa ndo vijana wengi huanguka. Barua ni ombi, haijakutoa! Jenerali David Tinyefuza, yule anayeitwa Sejusa siku hizi, aliandika ya kwake Desemba 1996, koti ya katiba ikamkubalia, mwaka 1998 Supreme Court ikasema bado ni mwanajeshi, akaja kustaafu 2022. Huyo ni jenerali, sembuse wewe na V moja ya cheo mkononi. Kwa hiyo paredi nenda, gadi panda, likizo omba kwa karatasi, mpaka jibu lije.

Ukikubaliwa unafanya klirensi: bunduki, yunifomu, vitu vya stoo, nyumba ya bareki, vyote unarudisha na kila mahali wanakusainia. Ka una loni Wazalendo SACCO, ushirika wa akiba na mikopo wa wanajeshi, nenda mkaongee mapema, usingoje faili ifike mwisho.

Halafu majina, bannange majina. Kuna mtu aliandikishwa jeshini na jina moja, kitambulisho cha taifa kina lingine, akaunti ya benki lingine tena, sasa grachuiti, yaani pesa ya kuondokea kazini, itamfikia vipi? Shughulika na NIRA, ofisi ya vitambulisho vya taifa, ukiwa bado unalipwa mshahara.

Cheti cha diskaji kikitoka soma kila herufi hapo hapo ofisini kabla hujasaini, toa fotokopi kadhaa, ya kwanza mwachie mke ama mama. Na yule anayekwambia mpe hela kidogo akukimbizie faili, mwambie faili yako inajua kutembea.