Namna ya Kupanga Shughuli za Kujifunza kwa Watoto Wachanga Kituoni

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, na ndiyo maana vituo vya kulelea watoto mchana, iwe Kampala, Tororo au Arua, huletewa watoto wa miezi mitatu hivi. Mtoto wa umri huo hafundishwi kwa vipindi. Mpango wake hujengwa juu ya mambo yanayofanyika kila siku, yaani kunyonya, kuogeshwa, kubadilishwa nepi, kulala na kuamka.

Kabla ya kupanga lolote, mtazame mtoto kwa siku kadhaa na kumtengea ukurasa wake katika daftari. Andika anachokifanya hasa: anafuata uso kwa macho, anashika kidole, anageuka akisikia sauti. Muulize mama mtoto hutulizwa kwa wimbo gani na nyumbani huzungumzwa lugha gani, kwa sababu mtoto anayesikia Kiganda au Kilugbara kwao afaa kuisikia lugha hiyo kituoni pia, hata kama walezi wenyewe huzungumza Kiswahili. Kisha chagua hatua moja tu iliyo mbele kidogo ya anayoiweza sasa.

Wakati wa kubadilisha nepi una thamani kuliko walezi wengi wanavyodhani, kwani hapo mtoto ana mtu mmoja aliyemwinamia yeye peke yake. Mweleze unachofanya, taja mguu unapouinua, kisha nyamaza umngoje. Akitoa sauti au akitabasamu, mjibu kwa sauti ileile, halafu umngoje tena. Kupokezana huku ndiko chanzo cha mazungumzo, na hakuna kifaa cha dukani kinachoweza kushika nafasi yake. Kwa hiyo katika ratiba uache muda wa kutosha ili mlezi asifanye kazi hiyo kwa haraka.

Kwa upande wa mwili, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza kwamba mtoto asiyetambaa bado alazwe kifudifudi akiwa macho kwa jumla ya dakika 30 au zaidi kwa siku, asifungwe mgongoni au kitini zaidi ya saa moja mfululizo, na asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Tandika mkeka safi, ulale mbele yake uso kwa uso, na uanze kwa dakika chache, akilia, mnyanyue. Anapolala usingizi, mlaze chali.

Vifaa havihitaji gharama: leso ya rangi kali, kikombe cha plastiki, manyanga, au chupa yenye mbegu ambayo kifuniko chake kimebanwa kisifunguke. Kila kitu kitaishia mdomoni, basi kioshe na uondoe chochote kidogo kinachoweza kumkaba koo.

Mwishoni mwa juma soma daftari na ubadilishe mpango. Ukiona mtoto wa miezi minne hafuati uso kwa macho au hashtuki kwa kelele, zungumza na wazazi faraghani, kwa upole, na uwashauri wampeleke kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja.